Lori Lililokaa Mbali

Ndegwa alipotoka hospitali baada ya kiharusi, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala, na mwenyewe hakuutaka tena. Akihitaji utoke mapajani aliuinua kwa ule wa kulia, kama mtu anayehamisha paka wa jirani, akauweka pembeni, akaendelea na shughuli zake. Shughuli zenyewe zilikuwa kukaa. Kiti chake kilikuwa karibu na dirisha, katika nyumba yao ya kupanga ya kanju, yaani ya baraza la jiji, pale Woodley, na kutoka hapo aliona ua wa kayaba na vichwa vya watu waliokuwa wakipita kwenda barabara ya Ngong. Vichwa tu, maana ua ulikuwa mrefu.

Ndunge, msichana wa kliniki aliyefundisha wagonjwa mazoezi, alikuwa amemwambia mke wake Nyawira maneno machache. Mkono usipofanya kazi utakauka, na ukikauka basi. Akampa mpira mdogo wa kufinya. Ndegwa aliufinya mara moja, kwa sababu Ndunge alikuwa mgeni na mgeni ana heshima yake, kisha akaurudisha.

"Mimi si mtoto wa kupewa mpira," alisema. "Nimeshika usukani Mombasa mpaka Malaba tangu nikiwa na nywele."

"Basi shika na mpira," Nyawira akamwambia.

"Mpira unaenda wapi?"

Nyawira aliuweka mpira juu ya kabati. Kila jioni aliushika ule mkono, akaukanda kwa mafuta, akakunjua vidole kimoja kimoja, na kila asubuhi alivikuta vimejikunja tena. Hakulia wala hakupiga kelele. Alijua tu kwamba mkono ukienda, na mtu mwenyewe atafuata pole pole, kwa sababu alishamwona akianza kula na macho yamefungwa.

Jumapili moja mtoto wao Kiarie alikuja kutoka Mountain View baada ya kanisa. Alifanya kazi ya ofisi katikati ya mji na alijua mambo ya simu na waifai. Alichomeka kitu kidogo nyuma ya televisheni, kitu cha kutoshea kiganjani, akampa baba yake padi ya kuchezea, ile ambayo vijana huishika kwa mikono miwili.

Mzee Nzioka wa nyumba ya pili alikuwa amekuja kunywa chai, kama kawaida yake. Alikuwa karani wa serikali kabla ya kustaafu, na mtu akiwahi kuwa karani hawezi kuona kitu kipya asikiulizie.

"Na mashine iko wapi?" aliuliza. "Vijana wangu walikuwa na mashine kubwa, ilikuwa inapiga moto kama pasi."

"Hapa hakuna mashine, Mzee. Hiyo ndiyo raha yake," Kiarie alisema. "Mashine iko kule mbali, kwa kampuni. Hapa inakuja picha tu. Baba akibonyeza, habari inaenda kule, lori linasogea, picha inarudi. Hununui mashine, hununui mchezo. Unalipa kidogo kila mwezi, na michezo iko mingi hata huwezi kuimaliza."

Kwenye televisheni lori lilikuwa limesimama, jekundu, refu, na trela nyuma. Ndegwa alilitazama kuanzia taa hadi tairi za nyuma.

"Kwa hivyo lori liko wapi?"

"Mbali, Baba."

"Mwenyewe ni nani?"

"Kampuni."

"Na mimi?"

"Wewe ni dereva."

"Hiyo naielewa," alisema Ndegwa.

Usukani wa lori hilo ulikuwa kijiti kifupi upande wa kushoto wa padi, cha kusukumwa kwa kidole gumba. Ndegwa alijaribu kuupitisha mkono wa kulia juu ya ule mwingine, padi ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. Nyawira alikuwa mlangoni na sahani mkononi na hakusogea. Mara ya tatu Ndegwa aliuchukua mkono wake wa kushoto, akaukalisha juu ya padi, akakipanga kidole gumba juu ya kijiti, akangoja. Kidole kilikaa kama kimekufa. Halafu kikasogea. Lori nalo likasogea, likaenda moja kwa moja mtaroni.

"Ajali," akasema Nzioka. "Leteni polisi."

"Nyamaza, karani. Barabara ni nyembamba."

Barabara haikuwa nyembamba. Ilikuwa barabara ya Ulaya, na huko watu huendesha upande wa kulia. Ndegwa hakukubali. Kwa wiki nzima aliendesha upande wa kushoto, akipigiwa honi na kila gari lililokuja, na maandishi mekundu ya faini yakijaa pembeni.

"Baba Kiarie, wewe ndiye uko upande mbaya," Nyawira alimwambia.

"Wote hawa?" Ndegwa aliuliza akionyesha kwa kidevu. "Wote hawa wanajua barabara kuliko mimi?"

Lakini alikuwa anaendesha. Baada ya chai ya asubuhi alitaka padi, na baada ya chakula cha mchana alitaka padi. Hatimaye alihamia upande wa kulia, akisema ni kwa sababu polisi wa huko hawaongeleki.

Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo Kiarie aliliona mapema na likamsumbua. Waifai ya nyumba ile ilikuwa ya bei ya chini. Ukibonyeza breki, habari ilichukua muda kufika kule na picha ilichukua muda kurudi, na hapo katikati lori liliendelea kwenda. Kiarie mwenyewe alijaribu, akagonga lori la maziwa, akaitupa padi kwenye kochi.

"Hii haichezeki! Unashika breki leo inajibu kesho!"

"Kwa sababu hujui," baba yake alisema, akaichukua padi. "Hili lina mzigo. Lori lenye mzigo ukilishika breki linafikiria kwanza. Unaanza kulishika ukiwa bado unaiona kona kule, unalibembeleza, unaliacha lije lenyewe. Tazama."

Na kweli alikata kona ile taratibu, bila kugusa hata ukingo. Kiarie alianza kumweleza kwamba si mzigo, ni waifai, lakini Nyawira alimtazama kwa jicho lile ambalo mama hutumia kanisani, naye akanyamaza.

Angenyamaza kabisa ingekuwa heri. Lakini mtoto mwema haachi kitu kikiwa kinaenda vizuri. Mwezi uliofuata alileta mafundi wakavuta faiba hadi sebuleni, waya mwembamba wa kupitisha intaneti ya kasi, akalipa mwenyewe, akamwambia baba yake, "Sasa jaribu."

Ndegwa alipakia saruji, akatoka lango la ghala, na kwenye kona ya kwanza lori likaitika papo hapo, kabla hajalitarajia, likalala ubavu. Alilitazama likiwa limelala, magurudumu yakizunguka.

"Nani ameshusha mzigo?"

"Baba, mzigo uko. Tazama hapo chini, imeandikwa."

"Imeandikwa. Hata kwenye mizani ya Mariakani tulikuwa tunaandikiwa uzito wa uongo. Hili lori ni tupu, linarukaruka kama mbuzi. Umeniibia mzigo, Kiarie, ama umewaacha waibe."

Haikusaidia kumweleza. Alipinduka mara nyingine, na nyingine, kisha akaweka padi chini na kurudi kutazama vichwa dirishani. Siku zikapita hivyo. Nyawira aliona mkono umerudi mapajani. Akampigia Kiarie simu.

"Rudisha ile ya zamani."

"Mama, mtaa mzima unalilia faiba. Nyinyi mnalia itolewe?"

"Rudisha, mwanangu."

Ilirudishwa. Ndegwa alipopanda tena alikwenda kidogo, akashika breki, lori likafikiria, likasimama. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. "Wamepakia," alisema.

Masika yalipoingia mambo yakawa na taabu yake. Mvua ikinyesha sana picha iligawanyika vipande vipande kama kioo kilichopasuka, na stima zikipotea, kila kitu kilikwenda. Nzioka alifurahia sana siku hizo. "Dereva amelala njiani!" alipiga kelele kutoka kwake. "Mafuta yamekwisha!" Ndegwa hakucheka. Kilichomkera hakikuwa giza, ni kwamba lori limebaki barabarani peke yake, huko ugenini.

"Pale Salgaa tunapolala madereva, ukiliacha hivi unakuta hata betri hawajakuachia," alisema.

"Huko si Salgaa," Nyawira alimwambia.

"Wezi wako kila mahali. Ndio maana dereva hupewa taniboi wa kumsaidia na kulinda mzigo."

Basi Nyawira akawa taniboi. Alivuta kigoda akakaa kando ya televisheni, akawa anamsomea vibao vya njia, akimwambia mafuta yanakaribia kuisha, akimkumbusha kulala pale dereva wa kwenye picha alipoanza kupiga miayo. Alijifunza majina ya miji ambayo hangewahi kuiona na akayatamka kwa Kikuyu. Ndunge alipokuja aliushika mkono, akakunjua vidole, akaguna kwa mshangao. Gumba na viwili vilivyofuata vilikuwa vimeamka. Viwili vya mwisho bado.

"Mnafanya nini?" aliuliza.

"Anasafirisha saruji," alisema Nyawira.

"Basi asisimame. Akisimama sasa hata hivi vitatu vitalala tena. Aupe mkono miezi mingine, nitawaambia ukiwa tayari."

Ilikuwa siku chache tu baada ya hapo Kiarie alipopiga simu kutoka kazini, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekanyaga kitu.

"Mama, uko karibu na Baba? Toka kidogo nje."

Nyawira alitoka hadi kwenye kamba ya nguo.

"Ule mchezo wa malori unaondolewa. Wenye mchezo na kampuni wamemaliza mkataba. Mwezi ukiisha hautakuwepo."

"Si tunalipa?"

"Tunalipia mlango, Mama. Vilivyo ndani wanatoa na kuweka wanavyotaka."

"Na lori lake? Na safari zote alizokwenda?"

"Zinabaki huko kwao. Hazibebeki."

Nzioka alikuwa upande wa pili wa ua akimwagilia sukuma wiki, na ua wa kayaba hauzuii masikio. "Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema.

Nyawira alizaliwa kwa watu wa ardhi, juu Limuru. Baba yake alikuwa na kipande cha mlima cha kutosha mahindi na ng'ombe wawili, na alipopata hati yake aliilalia ikiwa chini ya godoro hadi alipokufa. Kitu unachokilipia kila mwezi na hakiwi chako, kwao kilikuwa ni aibu ya mtu aliyeshindwa kupanga maisha. Alimwambia Nzioka hivyo hivyo.

"Na hii nyumba unayolala, Mama Kiarie?" Nzioka aliuliza. "Ya nani?"

"Mwagilia sukuma, Mzee."

Hakumwambia mumewe. Aliwaza kwamba akijua ataiacha padi siku hiyo hiyo, kwa nini apoteze hata siku zilizobaki. Asubuhi iliyofuata alivaa koti, akasema anakwenda kununua uzi, akaenda mjini hadi Luthuli, ambako kila duka ni spika na televisheni na kila mtu anapiga kelele. Aliingia duka moja baada ya jingine akiuliza lori. Katika la mwisho alikuta kijana mpole, Maina, ambaye alimpa kiti.

"Shosho, hiyo haiko kwa CD. Na kitu ya kuicheza bila intaneti ni kompyuta kama hii." Alionyesha sanduku jeusi kubwa kama jiko la gesi, lililokuwa likivuma. "Ukiwa nayo hakuna wa kukuondolea, hata waifai ikilala unaendelea. Lakini ni pesa, na ni moto, na ni stima. Kila baada ya muda inataka kubadilishwa vitu ndani."

"Na lori lake litaingia humo?"

"Lake la kule? Zii, shosho. Hapa ataanza upya. Ataandikwa kazi kama jana ndio alipata leseni."

Nyawira alilitazama sanduku. Alijaribu kumwona Ndegwa akianza upya kwa lori ambalo halichelewi breki, lori tupu. Akamshukuru kijana, akanunua uzi kweli ili asiwe amesema uongo, akarudi nyumbani.

Tangazo lilianza kutokea kwenye televisheni, kibao cha manjano kila walipofungua. Kila kilipotokea Nyawira alikuwa tayari na kitambaa, akisimama mbele akipangusa vumbi. Televisheni haikuwahi kuwa safi namna hiyo. Alifanya hivyo mpaka siku ya mwisho yenyewe, mchana, mvua ikiwa imepusa na jua limetoka.

"Mama Kiarie," Ndegwa alisema, "toka hapo mbele. Hilo tangazo nililisoma kabla yako."

Nyawira alibaki na kitambaa mkononi. "Lini?"

"Lilipoanza kuja. Ulikuwa jikoni."

"Na hukusema?"

"Dereva akiambiwa anaachishwa hatangazi. Anamaliza safari." Akajisogeza kitini. "Na wewe je? Ulikwenda kununua uzi mpaka saa za chakula zikapita."

Hapo Nyawira alikaa kwenye kigoda na kumweleza yote, sanduku jeusi, mkataba, safari zisizobebeka, na kwamba haikuwa haki mtu kufanya kazi na mwisho asiwe na kitu. Ndegwa alisikiliza. Alikuwa na uso wa mtu anayesikiliza habari za mbali.

"Ni lori gani niliwahi kuendesha likawa langu?" aliuliza. "Hata tairi? La kwanza lilikuwa la Mhindi, la pili la kampuni ya ngano, la mwisho la yule mtu wa Nakuru. Yote nilirudisha. Kuna kurudisha na kurudisha tu. Mtu akiliacha limepaki ovyo, huyo hakuwa dereva. Njoo, nisaidie kulirudisha."

Katika safari zote hizo kulikuwa na kitu kimoja Ndegwa alikikwepa. Ukifika ghalani, mchezo ulikuuliza kama unataka kuliingiza trela kinyumenyume mwenyewe ama liingie lenyewe. Siku zote alibonyeza liingie lenyewe, akisema hiyo ni kazi ya watu wa ghala. Siku hiyo alibonyeza nyingine.

Kurudisha trela nyuma si kama kurudisha gari dogo. Unakata kulia linakwenda kushoto, na ukikosea kidogo linajikunja kama kisu. Na kwa waifai ile, ulichokata sasa ulikiona baadaye, ukiwa tayari umekata tena. Ndegwa alijikunja, akatoka mbele, akarudi. Akajikunja. Nyawira alikuwa amesimama kando ya televisheni akipunga mkono kama walivyopunga mataniboi stesheni.

"Kata. Kata bado. Ngoja kidogo, halijafika. Sasa nyoosha. Nyoosha, Ndegwa, kuna nguzo!"

"Nguzo nimeiona!"

"Umeigonga!"

"Nimeiegemea."

Nzioka alisikia kelele akaja, akasimama mlangoni, akaanza kutoa maagizo yake, wakamwambia wote wawili anyamaze. Ili kidole gumba kisiteleze, Ndegwa alilazimika kuizungushia padi mkono wote, hata vile viwili vilivyolala vikabanwa chini yake. Jasho lilimtoka. Jua lilihama kutoka kwenye kochi hadi ukutani. Halafu trela likaanza kuingia, polepole, sawa na mistari, lenyewe kama linavutwa, na Nyawira akapiga ubavu wa televisheni kwa kiganja, pa pa, kama mtu anayempa dereva ishara ya kusimama.

Likasimama. Ndegwa alizima injini. Taa za mbele zikazimika kule mbali, popote palipokuwa.

"Karibu," alisema kwa lile lori, ama kwa ghala, hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake picha ya lori haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mchezo wa mtu anayeruka majengo. Nyawira alipika uji, akaukoroga zaidi ya ulivyohitaji, na alipoleta alimkuta Ndegwa ameshika padi.

"Unafanya nini?"

"Natafuta kazi. Kiarie alisema michezo ni mingi. Mtu akiachishwa hapa anapiga lango la jirani."

Alipiga malango siku nzima. Ndege aliikataa, alisema hakuna mahali pa kusimama. Magari ya mashindano aliyaacha baada ya mzunguko mmoja. "Wanazunguka na kurudi walipotoka, hawabebi chochote." Ya bunduki hakuitazama. Saa za chai alifika kwenye shamba. Kulikuwa na trekta, na trekta lilikuwa na kitu cha kuvutwa nyuma, na hilo lilimtosha. Akaingia kazini.

Nyawira alikuwa anakunja nguo, na kwanza hakutazama. Halafu akatazama. Akaziacha nguo.

"Baba Kiarie, unalima kuteremka."

"Nalima kufuata njia."

"Shamba halina njia! Lina mteremko. Ukilima hivyo mvua moja tu udongo wote uko kwa jirani. Lima kukatisha mlima."

"Kwani hapa mvua hunyesha?"

"Geuza. Kushoto. Taratibu, utaacha kipande katikati. Nani alikufundisha kulima?"

"Hakuna. Mimi ni dereva."

"Hapa mimi ndiye mwenye shamba. Geuza."

Ndegwa aligeuza. Mstari wa pili ulipinda, naye akaambiwa arudie. Aliurudia. Kidole gumba kilikuwa kwenye kijiti na vile viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja kuzunguka padi, bado vizito, lakini hakuna aliyevipanga hapo. Nyawira aliviona, akaendelea kugombana juu ya mstari.

Kiarie alipiga simu jioni hiyo. Alikuwa ameongea na watu kazini, angeweza kupata mkopo wa lile sanduku jeusi ambalo mama yake alikuwa amemtajia. Nyawira alimwambia asihangaike, baba yake ameandikwa shambani.

"Sawa, Mama, lakini ujue na huo wanaweza kuuondoa. Hata bila kusema."

"Lini?"

"Sijui. Wakitaka."

Nyawira aliiondoa simu sikioni, akautazama mstari wa nne. Huo ulikuwa umenyooka.

"Wauondoe," alisema. "Lakini waache tuvune kwanza."